Damu haijakwama: jibu kwa mama wa Kadutu kuhusu joto la usiku, bega na mwendo wa polepole

"Nina miaka 49, niko Bukavu. Mwaka huu umenipindua. Mama yangu alifariki, mtoto wangu wa mwisho alienda kusoma Lubumbashi, na tulihama kutoka Nguba kuja Kadutu, upande wa Cimpunda, ambako kufika nyumbani ni kupanda na kushuka tu. Hedhi yangu imekatika tangu miezi saba. Usiku naamka nimelowa jasho, moyo unapiga mbio, kisha silali tena. Bega la kushoto linaniuma tangu miezi mitatu. Siwezi kufunga sutiani kwa nyuma. Dada yangu anasema damu imekwama ndani, na nikijitikisa sana itapanda kichwani, kwa hiyo nipumzike. Kijana wangu anasema niamke saa kumi na moja alfajiri nikimbie na vijana. Nilijaribu mara mbili, magoti yakaniuma wiki nzima. Nimesikia kuna mazoezi ya polepole, ya kusikiliza mwili. Je, ni kitu cha kweli au ni mambo ya watu wasio na kazi? Mimi nachota maji, nafua, nafagia. Hayo si spoti tayari? Pia nimeacha kwaya tangu msiba. Sina nguvu."

Mama, pole sana kwa msiba. Kufiwa na mzazi, kubaki na nyumba yenye ukimya na kuhamia mlimani, yote ndani ya mwaka mmoja, ni mzigo hata kwa mtu anayelala vizuri, na wewe umeubeba bila usingizi. Uchovu huo si uvivu. Wala si dalili kwamba mwili wako umekwisha.

Nikikusoma vizuri, una hofu tatu zilizofungwa katika kikwembe kimoja. Unaogopa kwamba kuna ugonjwa ndani, unaogopa kwamba kujitikisa kutauzidisha, na unaogopa kupoteza muda wako bure. Nianze na maneno ya dada yako, maana ndiyo yanayokufunga miguu.

Damu ya hedhi haikai mahali ikisubiri kufunguliwa mlango. Kila mwezi homoni zinazotoka kwenye ovari, yaani vifuko vya mayai, huuamuru mji wa mimba ujitandikie utando mpya. Mimba isipoingia, homoni hushuka, utando hubomoka na kutoka pamoja na damu. Ovari zinapoanza kustaafu, amri ile haiji, utando hautandikwi, basi hakuna cha kutoka. Shamba lisilopandwa halina mavuno yaliyofichwa. Hakuna damu iliyokwama na hakuna itakayopanda kichwani. Zile dawa za "kusafisha tumbo" utakazopewa kwa ajili hiyo hazina kitu cha kusafisha, na baadhi ya mitishamba hudhuru ini na figo. Mwambie dada yako kwa upole. Amesema kwa kukupenda.

Wanawake wengi hufikia ukomo wa hedhi, tunaouita pia menopozi, kati ya miaka 45 na 55. Lakini ukomo huhesabiwa tu ikipita miezi 12 mfululizo bila damu. Wewe uko kwenye wa saba. Hedhi inaweza kurudi mara moja kisha ikatoweka tena, usishtuke. Na mimba bado inawezekana: kwa mwanamke aliye chini ya miaka 50 hushauriwa kuendelea kujikinga kwa miaka 2 tangu hedhi ya mwisho. Kama kuna uwezekano wowote, kipimo cha mkojo cha famasi kitakutoa wasiwasi kwa dakika chache.

Sasa lile joto. Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo inayochunga joto la mwili, kama mtu anayechunga mbabula, jiko la makaa, moto usizidi wala usizime. Kwa kawaida huvumilia joto lipande au lishuke kidogo kabla ya kuchukua hatua. Homoni ya estrojeni inaposhuka, uvumilivu ule hupungua. Blanketi zito, chai ya moto, pilipili, glasi ya kasiksi (pombe ya ndizi), hasira au ndoto mbaya, chochote kinachopandisha joto hata kwa sehemu ndogo ya digrii kinatosha kuamsha kengele. Mishipa ya ngozi inafunguka, uso na kifua vinawaka, jasho linamwagika, moyo unakimbia kusukuma damu kwenye ngozi ili ipoe. Baada ya dakika chache mwili umepoa kupita kiasi, nawe unatafuta tena blanketi ulilolitupa. Moyo kukimbia kwa dakika zile ni sehemu ya kazi ya kupoza mwili. Kinachokunyima usingizi baada ya hapo mara nyingi ni mawazo yanayokukuta umeshaamka: mama, mtoto, karo, kesho.

Hata hivyo, jasho la usiku hapa kwetu lina baba wengi, na sitaki uliite menopozi kabla ya kuwaondoa wengine. Weka kipimajoto kando ya kitanda. Joto la menopozi halipandishi homa. Likisoma digrii 38 au zaidi, pima malaria kesho yake. Ukiwa na kikohozi kilichopita wiki mbili na unakonda, pima kifua kikuu. Ukikonda huku unakula, mikono inatetemeka na moyo unakimbia hata mchana umekaa, tezi ya shingo ichunguzwe. Eneo hili la Ziwa Kivu lina historia ndefu ya rovu, yaani kuvimba kwa tezi hiyo, hasa kisiwani Idjwi. Omba pia wapime tansiyo (shinikizo la damu), sukari, wingi wa damu na VVU. Ni safari moja ya kituo cha afya, na sukari hasa naitaka kwa sababu ya bega lako, utaona kwa nini.

Bega ndilo linalohitaji umakini kuliko yote. Jiulize kwanza maumivu yanakuja lini. Kama yanakuja unapopanda mlima, na kifua kinabana, au pumzi inakata, au jasho baridi linatoka, kisha yanatulia ukisimama, hilo huenda si bega, ni moyo. Hapo usifanye zoezi lolote, nenda hospitali siku hiyohiyo. Lakini kama yanakuja mkono unapokwenda nyuma ya mgongo, au usiku unapolalia upande ule, basi kiungo chenyewe ndicho kinacholalamika.

Fanya jaribio hili. Keti, bana kiwiko cha kushoto kwenye ubavu, ukikunje mpaka mkono wa chini uelekee mbele, kidole gumba kikitazama juu. Sasa peleka kiganja nje, upande wa kushoto, kiwiko kikibaki ubavuni. Fanya vivyo hivyo kulia ulinganishe. Halafu mwombe mtu akushike kifundo cha mkono wa kushoto, wewe umelegea kabisa, naye aupeleke nje polepole. Kama naye anakwama palepale ulipokwama wewe, mfuko unaokizunguka kiungo huenda umekakamaa. Ndilo bega lililoganda. Kama yeye anaufikisha mbali kuliko ulivyoweza, tatizo liko zaidi kwenye kano au misuli.

Bega kuganda huwapata hasa watu wa miaka 40 hadi 60, wanawake zaidi ya wanaume, na wenye kisukari zaidi ya wengine. Ndiyo maana ya kile kipimo cha sukari. Huanza na miezi ya maumivu makali, hasa usiku, kisha ugumu ambao hauumi sana, kisha hulegea lenyewe taratibu. Safari yote huchukua mwaka mmoja hadi mitatu. Najua ni ndefu. Nakuambia mapema ili usije ukadhani wiki ya tatu kwamba umeshindwa, ukaenda kwa mtu wa kuvuta mifupa. Katika kipindi cha maumivu, kuvutwa kwa nguvu huchokoza mfuko ule na kuzidisha ugumu. Kufunga mkono shingoni kwa majuma nako huligandisha bega zaidi. Kinachosaidia kiko katikati: mwendo mdogo, mara nyingi.

Egemeza mkono wa kulia juu ya meza, inamisha mgongo kidogo, uache mkono wa kushoto uning'inie kama kamba ya kengele. Usiuzungushe kwa misuli ya bega. Yumbisha kiuno, mkono ufuate wenyewe, duara lisizidi ukubwa wa sahani. Dakika 2, mara 3 kwa siku. Kosa ninaloliona kila mara ni watu kuzungusha mkono kwa nguvu huku wameuma meno. Hapo misuli imekaza na kiungo hakijapata nafasi hata kidogo. Baada ya hapo simama mbele ya ukuta, utembeze vidole kupanda kama mdudu mpaka panapoanza kuvuta, upumue nje mara mbili, ushuke. Maumivu yasizidi 4 kwa 10, na kesho asubuhi bega lisiwe baya kuliko jana. Likiwa baya zaidi, punguza nusu, usiache.

Sutiani ifunge mbele kisha uizungushe. Unapovaa blauzi, mkono unaouma uingie kwanza na utoke mwisho. Usiku, ukilala upande wa kulia, weka mto mbele ya kifua mkono wa kushoto uulalie. Maumivu yakikuzuia kabisa kulala, daktari anaweza kuchoma sindano ya kotizoni ndani ya kiungo, na mapema husaidia kuliko kuchelewa. Kama una kisukari mwambie, maana sindano ile hupandisha sukari kwa siku kadhaa.

Narudi kwenye swali lako kubwa: mwendo wa polepole ni kitu cha kweli? Ni cha kweli, lakini nitakuambia pia mpaka wake. Msiba, kuhama na kukosa usingizi huuweka mwili katika hali ya mtu aliyesikia mlio nje usiku. Mabega yanapanda, taya inabana, pumzi inakaa juu kifuani, moyo unaharakisha. Hali hiyo ni nzuri kwa dakika 5 za hatari. Ikidumu miezi, misuli ya shingo haipumziki hata umelala, na mwili unasahau njia ya kurudi. Huwezi kuuamuru moyo upunguze mbio. Pumzi, hata hivyo, ni mlango ambao una ufunguo wake.

Usiniamini kwa maneno, pima. Weka vidole viwili vya mkono wa kulia kwenye kifundo cha kushoto, chini ya kidole gumba, mpaka uhisi mshipa unapiga. Vuta pumzi puani polepole, kisha itoe ndefu kama unapoza uji. Sikiliza vidole vyako: watu wengi huhisi mapigo yakisogeleana kidogo wakati wa kuvuta na kuachana wakati wa kutoa. Kuna neva ndefu inayoshuka kutoka kwenye ubongo mpaka moyoni na tumboni, na kila pumzi ya kutoka huipa nafasi ya kuutuliza moyo. Usipohisi tofauti ya mapigo, usihofu. Kadiri umri unavyosonga mabadiliko yale huwa madogo.

Mpaka wake ni huu. Pumzi na mazoezi haviwezi kuahidi kuzima joto la menopozi. Waliochunguza jambo hili hawakupata jibu la uhakika, na anayekuahidi vinginevyo anakuuzia kitu. Mazoezi hutengeneza usingizi, hisia, tansiyo, nguvu ya mapaja na mifupa, ambayo hupoteza uzito wake kwa kasi katika miaka ya mwanzo baada ya estrojeni kushuka. Joto linakuja bado, ila linamkuta mtu aliyelala vizuri zaidi na asiyeliogopa.

Na kazi zako za nyumbani? Zina thamani, tena kubwa. Mwanamke anayepanda Cimpunda na bidoni la lita 20 anafanya kazi ambayo vijana wengi wa spoti hawaiwezi. Ila kazi ina kasoro tatu. Inarudia upande mmoja na misuli ileile. Inafanywa kwa haraka, pumzi imeshikwa, akili iko kwenye jambo lingine. Na haiongezeki kwa mpango: misuli na mfupa huimarika vikipewa kidogo zaidi ya vilivyozoea, kisha vikapumzishwa, lakini maji huchotwa yaleyale, uwe umelala au hukulala. Kwa hiyo kazi hukuchosha bila kukujenga upande unaohitaji. Robo saa ya mwendo wa makini si starehe ya asiye na kazi. Kwa maoni yangu anayeihitaji zaidi ni yule mwenye kazi nyingi.

Hii hapa robo saa yenyewe. Ifanye asubuhi kabla ya kuwasha moto, au jioni kabla ya kuoga, lakini saa ileile kila siku, ishikane na jambo unalolifanya tayari.

Simama miguu wazi sakafuni, upana wa nyonga, mgongo karibu na ukuta bila kuuegemea. Peleka uzito mbele kwenye vidole, nyuma kwenye visigino, kushoto, kulia, polepole, mpaka usimame katikati. Dakika moja tu. Unachotafuta ni kuhisi nyayo, maana mtu mwenye mawazo mengi anaishi kuanzia shingo kwenda juu.

Kisha jifunge kikwembe kuzunguka mbavu za chini, si kwa kubana, kikushike tu. Keti. Vuta pumzi puani kwa hesabu ya 4, ukiisukuma ikaze kitambaa pembeni na nyuma, siyo kuinua kifua. Itoe kwa hesabu ya 6, kitambaa kilegee. Ukihisi kikwembe kinakazwa mgongoni, umeipata. Dakika 5. Ukipata kizunguzungu au ganzi vidoleni, si pepo na si tansiyo: unavuta hewa nyingi mno. Fanya pumzi iwe ndogo, usiifanye ndefu zaidi. Hesabu ya 4 na 6 ikikubana, anza na 3 na 4.

Halafu kiti. Kiti cha kawaida cha mezani, kimegusa ukuta kisiteleze; kigoda cha jikoni ni kifupi mno kwa magoti yako kwa sasa. Kaa ukingoni, visigino nyuma kidogo ya magoti, inamisha kifua mbele, toa pumzi huku unasimama. Shuka kwa kuhesabu mpaka 4, usijiangushe. Mara 6, pumzika, mara 6 tena. Yanayoharibika ni mawili. Magoti huingia ndani yakigusana. Yaelekeze juu ya kidole cha pili cha mguu. Na watu hushika pumzi wanaposimama, jambo linalopandisha tansiyo kwa ghafla. Kila wiki ongeza mara 2 mpaka ufike 12, kisha kumbatia mfuko wenye kilo 2 za mchele au mchanga kwa mkono wa kulia uendelee. Ukishafikia hapo utaona mlima umekuwa mfupi.

Malizia kwa kushika mlango na kuinuka juu ya vidole mara 10, ukishuka polepole, kisha simama kwa mguu mmoja hesabu ya 10 kila upande, mkono ukiwa karibu na mlango. Hiyo ya mwisho ni ya kukuzuia kuanguka njia zikiloa. Baadaye bega likitulia utaongeza kusukuma ukuta. Kwa sasa liache.

Siku mbili za kwanza utahisi mapaja. Maumivu ya misuli yanayokuja kesho yake na kuisha ndani ya siku 3 ni kawaida. Goti kuvimba, kuwaka moto au kujifunga si kawaida.

Na hilo linanipeleka kwenye mbio za kijana wako. Hakukosea kukutakia spoti, alikosea kipimo. Ulikimbia gizani, mwili baridi, kwenye mteremko, bila maandalizi. Watu hudhani kupanda ndiko kunakoumiza magoti kwa sababu kunakata pumzi, kumbe kushuka ni kuzito zaidi kwa goti: msuli wa mbele ya paja unakuwa kama breki, unafanya kazi huku unarefuka, na kila hatua inakandamiza kifupa cha goti. Kwa hiyo unaposhuka Kadutu fupisha hatua karibu nusu, kunja magoti kidogo, pita kwa kukata pembeni badala ya kushuka moja kwa moja, na usivae sandali zilizolika kisigino. Panda kwa mwendo unaokuruhusu kusema sentensi nzima. Ukishindwa kusema, simama, toa pumzi 3 ndefu, endelea. Mara mbili au tatu kwa wiki tafuta kipande kilicho tambarare, hata kama ni mita 200 unazozirudia, utembee dakika 10, baadaye 20, jua likiwa limeshatoka na mkiwa wawili. Shirika la Afya Duniani linapendekeza dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki pamoja na siku 2 za kuimarisha misuli, na kila kipande kidogo kinahesabiwa. Milima yako imo katika hesabu hiyo. Jasho si kipimo cha faida.

Maji yabebe kwa mabidoni mawili ya lita 10, safari mbili, kuliko moja la lita 20, na usibebe kwa kamba ya kichwani wakati shingo na bega vinauma. Ufagio mfupi ufungie mti mrefu. Haya si mambo madogo. Bega linaloponywa kwa dakika 6 kwa siku haliwezi kushindana na saa tano za kuchokozwa.

Usiku joto likikuamsha, usipigane nalo. Vaa pamba, jifunike vitambaa viwili vyepesi badala ya blanketi moja, weka kitambaa chenye maji na kikombe cha maji karibu. Keti, nyayo sakafuni, pumzi za kikwembe mpaka lipite. Mawazo yakikataa kuondoka baada ya kama dakika 20, toka kitandani ukae mahali pengine penye mwanga hafifu hadi usingizi urudi. Kulala macho wazi kitandani kila usiku hufundisha mwili kwamba kitanda ni mahali pa kuwaza. Chakula cha jioni ukile mapema kidogo, na wale samaki wadogo wa ziwani, sambaza, uwatafune wazima, maana mifupa yao ndiyo kalisiamu yako. Sombe (majani ya muhogo) na lengalenga (mchicha) vikae sahanini pia.

Jambo moja ambalo wafundishaji wengi wa mazoezi haya hawalisemi. Katika mkoa wetu watu wengi wamepita katika vita, kukimbia, kudhulumiwa mwili. Kwa mtu kama huyo, kufumba macho na kuusikiliza mwili kunaweza kurudisha yale aliyoyakimbia: moyo unalipuka, picha zinakuja. Sijui kama ni wewe, wala huhitaji kusema. Ikitokea, fungua macho, kanyaga sakafu kwa nguvu, taja kwa sauti vitu vitano unavyoviona, shika kitu baridi. Siku nyingine fanya yote macho wazi, ukitazama nje, tena anza na kiti kabla ya pumzi. Kama kila mara inarudi, hilo si la kufanya peke yako; hospitali ya Panzi inajulikana kwa huduma kwa wanawake waliopitia hayo, na kituo cha SOSAME kwa afya ya akili.

Kama baada ya wiki 6 joto bado linakuvunja usingizi karibu kila usiku, usione aibu kumuuliza daktari kuhusu dawa. Homoni ndizo zinazozima joto kwa nguvu kuliko kitu kingine, na kwa mwanamke wa umri wako mwenye afya faida mara nyingi huzidi hatari. Hazimfai aliyewahi kuwa na saratani ya titi, damu kuganda mishipani, kiharusi, ugonjwa mkali wa ini, au anayetokwa damu ukeni bila sababu kujulikana. Zipo dawa nyingine zisizo homoni. Usizinunue sokoni kwa kuonyeshwa pakiti ya jirani.

Kuna mambo ambayo hayangoji wiki 6. Damu ukeni baada ya miezi 12 kamili bila hedhi, hata tone, au baada ya tendo la ndoa. Tansiyo ya 180 kwa 110 au zaidi; hiyo ni leo, na mazoezi yasubiri. Mkono au mguu kufa ganzi ghafla, mdomo kwenda upande. Kukonda bila kukusudia. Na huzuni: kumlilia mama yako ni haki, na huzuni huja na kuondoka kama mvua za huku. Lakini ikiwa kwa zaidi ya wiki mbili hakuna kinachokufurahisha hata kidogo, huli, unajilaumu mchana kutwa, au unawaza kwamba afadhali ungemfuata, mwambie mtu leo, kisha uende kituo cha afya au SOSAME ukisindikizwa. Si udhaifu wa imani.

Kwa bega, mwone kinezi, yaani mtaalamu wa tiba ya viungo, hata mara moja au mbili. Ukimwambia matokeo ya jaribio la kiwiko atakuelewa haraka. Usibadilishe yote kwa wiki moja. Anza na bega na pumzi za kikwembe, kiti ukiongeze wiki ya pili, kutembea ya tatu.

Kwaya uliitaja mwishoni, kama jambo dogo. Kuimba ni kutoa pumzi ndefu kwa mpangilio, mbavu zimefunguka, katikati ya watu wanaokufahamu. Sijui zoezi la pumzi linalolishinda hilo. Huna haja ya kungoja nguvu zirudi kwanza. Nenda siku ya mazoezi badala ya siku ya ibada, ukae badala ya kusimama, uimbe nusu ya nyimbo, na wimbo ulioimbwa kwenye msiba wa mama ukianza una ruhusa ya kunyamaza. Chagua kiti kilicho karibu na dirisha, joto likija upate hewa bila kulazimika kutoka.